Shangazi, mume wangu anazima friji kila usiku na mama mkwe anasema kiporo hakijawahi kuua mtu

Shikamoo Shangazi. Naomba unifichie jina maana mawifi zangu wote wanakusoma, andika tu Mama Wawili wa Mbagala inatosha. Nina miaka 29, watoto wawili, mkubwa yuko la kwanza na huyu mdogo ana mwaka na nusu, anakula uji na anaonjaonja vya kwetu. Nafanya kazi dukani kwa mtu Kariakoo, natoka saa 11 alfajiri narudi saa 2 usiku, kwahiyo jumapili ndo siku yangu ya kupika, nachemsha nyama, naweka maharage sufuria kubwa, nakaanga samaki, navipanga kwenye friji wiki inaanza. Nilikuwa najiona nimepatia maisha kabisa.

Mwezi uliopita mama mkwe kaja kutoka Kondoa, kaja na gunia mbili za mahindi na debe zima la karanga, Mungu ambariki, sina ubaya nae na watoto wanampenda mno. Ila jikoni hatuelewani. Anasema chakula kikilala ndo kinakolea, yeye kiporo kala toka yuko mtoto na ana miaka 67 hajawahi kulazwa. Kanikataza pia kuweka kitu cha moto kwenye friji eti kinaua friji, na mume wangu anamuunga mkono. Mume nae ana lake, kila usiku saa 4 anazima friji ukutani, anaiwasha saa 11 tukiamka, anasema umeme wa LUKU unaisha kama maji.

Jumapili iliyopita nimepika wali na maharage ya nazi, tumekula saa 1 na nusu usiku. Maharage yaliyobaki nikayaacha juu ya jiko la gesi yapoe kama mama anavyotaka, mpaka saa 4 yalikuwa bado ya uvuguvugu nikayaingiza hivohivo na sufuria yake. Wali nikauacha kwenye hotipoti mezani ili watoto wapate kiporo cha chai. Asubuhi mi nshaondoka, shule zimefungwa, bibi yao kawapa chai na wali na maharage kidogo kayapasha. Saa 3 napigiwa simu mkubwa anatapika, haijafika saa 4 mdogo nae kaanza. Nimerudi na bodaboda nalia njia nzima. Zahanati wamepewa ORS, wakaangaliwa mpaka jioni, tunamshukuru Mungu sa hivi wako sawa.

Nyumbani sasa ni vita. Mama anasema ni nazi yangu, nazi hailazwi. Mume anasema watoto wameokota uchafu nje. Mi nasema ni friji kuzimwa. Na wali ulikuwa haunuki kabisa Shangazi, mama mwenyewe kala vijiko viwili vitatu hajadhurika.

Halafu la pili, yale mahindi. Gunia zimekaa sebuleni kwenye kona, chini kwenye sakafu, juzi nimefungua moja nikakuta punje zingine zina ukungu wa kijani, na karanga zingine zimesinyaa zina rangi mbaya. Mama anasema tutachagua, mbaya tuwape kuku wa jirani, zilizobaki tusage unga wa uji wa mtoto. Mume anataka kwenda duka la pembejeo anunue vile vidonge atumbukize kwenye gunia ili dumuzi wasiingie. Sijui nianzie wapi, sitaki kuonekana nimemdharau mama wa watu. Na nusu sufuria ya yale maharage bado ipo kwenye friji mpaka leo jumatano, kila siku mama anayachemsha anayarudisha, naogopa kuyamwaga mbele yake.

Mama Wawili, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na pole kwa hiyo safari ya bodaboda, naijua, unaona kila foleni imepangwa kukukomoa wewe.

Nimesoma barua yako mara mbili na kilichonisimamisha sio maharage, ni hotipoti. Nyie watatu mnagombana, huyu nazi, huyu uchafu, huyu friji, na mtuhumiwa wangu mimi kakaa katikati ya meza na mfuniko wake na wala hakuna anayemtaja.

Mi si daktari na siwezi kuapa nikiwa huku kwangu, ila saa zako ulizoniandikia zinasema kitu. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anapenda sana wali. Anaingia jikoni na mchele mkavu, akiwa kwenye hali kama ya mbegu, na hiyo mbegu haifi kwa kuchemka, unapika wali wako umeiva vizuri yeye yumo tu kajikunyata. Wali ukishapoa ukafika uvuguvugu anaamka, anazaana, anatoa sumu, na hiyo sumu ikishatoka huivunji kwa kupasha. Mtu anayekula anaanza kutapika haraka, kuanzia saa moja hadi kama saa sita hivi baada ya kula. Wanao wamekula asubuhi, saa 3 mmoja anatapika, saa 4 wa pili. Na wali umelala mezani toka saa 1 na nusu usiku, hesabu mwenyewe, ni karibu nusu siku. Kutonuka sio hoja, sumu hii haina harufu wala haibadilishi ladha, na mama kula vijiko vitatu akiwa mtu mzima sio sawa na mtoto wa mwaka na nusu kala bakuli.

Hotipoti nzuri, mi ninazo tatu, lakini tuelewane kazi yake. Inatunza moto kwa saa chache, watu waje wale. Moto ukishaisha inabaki inatunza uvuguvugu, na inautunza kwa uaminifu mkubwa usiku kucha, ambacho ndo kitu hasa bakteria wanakiomba. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na hatari ni pale joto likiwa kati ya nyuzi 5 na 60, chini ya hapo wadudu wanasinzia, juu ya hapo wanashindwa kuzaana. Wali wako ulikaa hapo katikati mpaka alfajiri.

Sasa kuhusu mama mkwe. Usimwone muongo. Mimi nimekulia Korogwe na kiporo nimekula mpaka nimeota meno mengine, na bibi yangu hakuwa na friji wala hakujua rangi yake. Ila nenda kaangalie alivyokuwa anafanya. Maharage yalikuwa yanabaki kwenye mafiga, kaa limefukiwa na majivu, asubuhi ukichovya kidole unaruka. Ukiona kuni zimeisha mapema, anayachemsha tena kabla ya kulala, anayafunika, na asubuhi anayachemsha tena kabla mtu hajagusa. Na Kondoa usiku kunapoa, mwezi wa 6 na wa 7 watu wanajifunika mablanketi. Wewe uko Mbagala, jiko la gesi ukizima limezima, saa 6 usiku unalala na feni na bado shuka imelowa. Kiporo cha bibi kililala motoni, cha kwako kinalala kwenye joto la chumba cha Dar. Mama kaja na jibu sahihi kutoka jiko lingine, ndo ukweli wenyewe, na ukimwambia hivyo hakuna mahali umemdharau.

Kwenye kitu cha moto kwenye friji napo ana nusu ya ukweli. Ukiingiza sufuria nzima inatoa mvuke inapasha joto maziwa ya mtoto na kila kilicho jirani, na friji inahangaika. Lakini dawa yake sio kuiacha jikoni toka magharibi mpaka usiku wa manane. Sufuria kubwa iliyojaa katikati yake inapoa polepole mno, juu unagusa ni baridi, chini kwenye kitovu bado ya moto. Fanya hivi. Mkishakula tu, hata vyombo hujaosha, chukua beseni weka maji ya baridi, kama una barafu tupia, kalisha sufuria humo, koroga kwa mwiko, maji yakipata joto badilisha. Nusu saa haiishi yamepoa. Halafu gawa kwenye vibakuli vya mfuniko au yale makopo ya aiskrimu, kina kisizidi vidole vitatu, ingiza kwenye friji yakiwa hata na kajoto kidogo, hakuna kitakachokufa. Wali vilevile, mwaga kwenye sinia utandaze, ukipoa weka kwenye chombo. Asubuhi toa wa kutosha kula mara moja, pasha mpaka utoe mvuke wenyewe kila upande sio juu tu, ukibaki hapo hapana kurudisha.

Na maharage, sikia siri ya mtu anayepika jumapili. Chemsha, usiunge. Maharage yaliyoungwa na nazi na nyanya na vitunguu yanachacha upesi kuliko yale meupe, hapo mama mkwe kasema kweli na mpe haki yake mbele ya mumeo. Chemsha sufuria yako kubwa, poza, pima kwenye vimfuko vya mlo mmoja mmoja, tupa friza. Ukirudi kazini saa 2 unatoa kimfuko, unakatia kitunguu, tui lako kidogo, dakika 15 mnakula maharage mapya kila siku. Nyama pia gawa kabla ya kugandisha, nyama ya buchani imechinjwa leo hiihii bado ina joto lake, ukitupia kilo mbili donge moja ndani kunachelewa kuganda. Na mbichi ikae chini, kilichopikwa juu, maji ya nyama yasije yakadondokea kachumbari ya watu. Kuyeyusha, ishushe kutoka friza usiku ikae sehemu ya kawaida ya friji mpaka kesho, sio kuianika kwenye sinki kutwa nzima.

Haya, baba watoto na swichi yake. Hapa ndo sicheki. Saa 4 hadi saa 11 ni saa 7. Friji ambayo haifunguliwi inatunza baridi kama saa 4 hivi baada ya umeme kuondoka, baada ya hapo ni kabati. Yaani kila usiku anaiua saa tatu nzima, na wewe umeingiza sufuria ya uvuguvugu saa 4 ileile anayozima, hiyo sufuria haikuonja baridi hata dakika. Na wala hatunzi pesa anavyodhani, friji ikishapoa inajizima na kujiwasha yenyewe kidogokidogo, ukiizima usiku kucha asubuhi inaunguruma mfululizo kurudisha baridi yote iliyopotea. Usibishane nae, wanaume wa LUKU hawashindwi kwa maneno. Mwambie asome mita wiki moja akiizima, wiki moja asiizime, aandike mwenyewe kwenye karatasi aone tofauti yake ni shilingi ngapi, halafu aweke pembeni na nauli ya zahanati.

Umeme unakopotelea ni kwingine. Bana noti kwenye mlango wa friji ufunge, ikivutika bila ubishi mpira umelegea, baridi inatoka mchana na usiku, ita fundi abadilishe. Ivute friji kutoka ukutani nyuma ipate hewa. Barafu ikishakuwa nene kama kidole kwenye friza izime siku hiyo, iyeyuke, usichokoe na kisu jamani, nimeona mtu katoboa bomba la gesi kwa kisu cha vitunguu na friji ikaishia kuwa stoo ya viatu. Jaza friza chupa za maji zigande, friza iliyojaa ikikatikiwa umeme bila kufunguliwa inaweza kukaa siku 2, iliyo nusu tupu siku 1. Na weka kikombe cha maji mle kigande, juu yake kalisha sarafu ya shilingi 200. Ukirudi kutoka safari au kutoka kazini ukakuta sarafu imezama katikati ya barafu, umeme ulikatika muda mrefu vitu vikayeyuka vikaganda tena, hata kama hakuna aliyekwambia. Kwa nyumba yako hiyo sarafu itakuwa inamchongea na mumeo pia hahaha.

Sasa mahindi, na hapa naomba usome taratibu kwasababu hili ni zito kuliko kiporo. Huo ukungu wa kijani unaweza kuwa ni ule unaotoa sumukuvu. Sumukuvu haifi kwa kupika, ugali, uji, makande, kukaanga karanga, yote inapita. Kidogokidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini, nyingi kwa mpigo inaua. Na mama mkwe hili usimfundishe, muulize. Mwaka 2016 ilikuwa hukohuko kwao, Dodoma na Manyara, Kondoa, Chemba, Kiteto, watu 68 wakaugua na 20 wakafa, na ilikuwa ni mahindi ya nyumbani ya kwao wenyewe. Muulize tu kwa upole, mama, ule mwaka watu walivyougua huko kwetu ilikuwaje? Mwache aongee. Nadhani akimaliza kuongea atalitazama lile gunia kwa jicho lingine bila wewe kusema neno.

Kuchagua kunasaidia, usikudharau, kutoa punje zilizooza, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, na kukoboa pia kunapunguza sana maana sumu nyingi inakaa kwenye pumba, kwahiyo kwa mahindi ya mashaka dona hapana. Ila sumukuvu nyingine haionekani kwa macho. Kwahiyo gunia lenye ukungu mtoto wa mwaka na nusu asilionje, nunua mahindi mengine mazuri ya uji wake, kilo chache, saga kidogokidogo. Karanga zilizosinyaa zote nje, karanga nazo zinashika sana sumukuvu, na hata zile nzuri usizichanganye kwenye unga wa lishe ukakaa nao mwezi, zinachachuka, saga pembeni za siku chache. Kuku wa jirani nao wamekosa nini? Sumu inawadhuru na inapita kwenye maini na mayai, halafu jirani anakuletea trei la mayai kwa shukrani. Fukia.

Gunia ambalo bado ni zima, litoe sakafuni leo. Sementi inavuta unyevu na kona ya ukuta wa Dar ina jasho lake, weka chaga ya mbao, acha nafasi na ukuta. Kabla ya hapo pima kama ni makavu, na huhitaji mashine: chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi theluthi, tia chumvi kavu vijiko kadhaa, funga, tikisa sana, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji bado, yaanike juu ya turubai, sio chini. Chumvi ikidondoka yote chini, yako sawa. Halafu nunua ile mifuko ya PICS, ina plastiki mbili ndani na kiroba nje, kamua hewa, funga kila mmoja peke yake kwa nguvu, dumuzi akiwa ndani anakosa hewa anakufa mwenyewe bila dawa. Ila mahindi mabichi humo usitie, yatavunda.

Vidonge HAPANA. Niandike tena, HAPANA. Vile vikikutana na unyevu vinatoa gesi inaitwa fosfini, ni ya kufukizia kwenye maghala yaliyofungwa ambayo hakuna mtu anayelala, wanaofanya wamesomea. Sebule yenu na chumba mnacholala na watoto mnatenganishwa na pazia. Familia zimelala hazikuamka kwa sababu ya vidonge hivyohivyo. Akishavinunua visiingie ndani ya geti.

Mama mkwe usimweke kwenye benchi la watuhumiwa. Mpe kazi anayoijua kuliko wewe. Yeye ndo awe mkaguzi wa mahindi, yeye ndo aanike, yeye ndo ashike chupa ya chumvi, na jumapili mkae wote wawili mnapoza maharage kwenye beseni, yeye anakoroga wewe unagawa. Na mumeo usimwambie "mama yako", mwambie "mama".

Bado ile nusu sufuria. Yalikaa usiku kwenye friji iliyozimwa, yamechemshwa mara tatu, yana nazi, ni jumatano. Yamwage leo usiku, sema mkono uliteleza ukaongeza chumvi, Mungu atakusamehe, na sufuria ioshe mwenyewe kabla mama hajaamka.